Kusoma fuwele kwa uso, pembe na mkao

Punje kubwa ya chumvi ya mawe, ile inayotoka kwenye mabwawa ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kabla haijasagwa, inatosha kumfundisha mtu nusu ya somo hili. Iweke kiganjani, ikaribishe kwenye lensi ya sonara inayokuza mara 10, kisha uigeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kuna wakati uso mzima utamulika kama kioo, halafu uzime ghafla. Huo ndio uso bapa. Endelea kugeuza na uso wa jirani utamulika nao. Kati ya miliko hiyo miwili umeizungusha punje nyuzi 90 kamili. Hakuna aliyeichonga. Chembe za sodiamu na klorini zimejipanga safu juu ya safu kama matofali ya ukuta, na mpangilio huo wa ndani ndio unaojitokeza nje. Kitu kigumu kilichojipanga hivyo ndicho fuwele.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Malindi, Lamu au popote kati yake, mwenye mawe mezani na anayetaka kuyatambua bila maabara. Rangi tumeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Kwazi, lile jiwe gumu linalong'aa kama chupa, hutokea jeupe, la zambarau, la moshi, la waridi na la manjano. Pembe zake hazibadiliki katika rangi zote hizo.

Maneno ya kushika kwanza

Umbo ni kundi la nyuso zinazofanana ambazo ulinganifu wa fuwele, yaani jinsi sura yake inavyojirudia ukiizungusha, unazidai zote pamoja. Mchemraba ni umbo la nyuso sita. Oktahedro ni umbo la nyuso nane za pembetatu. Fuwele moja yaweza kubeba maumbo mawili kwa pamoja: mchemraba uliokatika ncha zake nane sawasawa una nyuso za mchemraba na za oktahedro vilevile.

Mkao ni jinsi fuwele ilivyokua kwa jumla: ndefu kama sindano, bapa kama ubao, fupi nene kama pipa, au kundi zima lililobanana kama shada la zabibu. Madini yaleyale yaweza kuwa na umbo moja na mikao mitano. Anayechanganya umbo na mkao atasema mawe mawili ni tofauti kumbe ni jiwe moja lililokulia pahali pawili.

Kanuni inayobeba yote ilionyeshwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, mganga wa Denmark aliyekuwa akiishi Italia. Alilinganisha fuwele za kwazi zilizopishana kwa ukubwa na sura, akakuta pembe kati ya nyuso zinazolingana ni zilezile. Mwaka 1783 Romé de l'Isle wa Ufaransa aliithibitisha kwa madini mengi kwa kutumia kipimapembe cha kugusisha. Kifaa hicho unaweza kukitengeneza nyumbani kwa dakika kumi.

Vifaa

Lensi ya kukuza mara 10 ndiyo muhimu kuliko vyote. Masonara wa Lamu na Malindi wanazo, na watakuelekeza pa kuinunua. Usinunue ile ya kukuza mara 30 ya bei rahisi. Sehemu unayoiona inakuwa ndogo mno na mwanga haufiki. Lensi ishikilie karibu kabisa na jicho, halafu ulete jiwe kwenye lensi, si lensi kwenye jiwe.

Ongeza msumari wa chuma, kipande cha waya wa shaba, kipande cha kioo cha dirisha, sumaku ndogo, kigae cha bafuni (utatumia mgongo wake usiopakwa rangi), siki, na mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja au chini yake.

Kipimapembe: chukua protrakta ya plastiki ya shuleni. Kata ukanda mgumu wa sentimita 12 kutoka kwenye rula angavu, ukingo wake mmoja uwe umenyooka kabisa. Toboa ukanda pale katikati, kwenye ukingo huo ulionyooka, kisha uufunge kwa pini kwenye kitovu cha protrakta ili uzunguke kwa kukaza kidogo. Tundu likiwa kubwa ukanda utacheza, na utakosea nyuzi tatu au nne. Ukiwa umekaza vizuri, kosa linabaki nyuzi moja au mbili, na hilo linatosha kwa kazi yetu.

Otesha mwenyewe kabla ya kutambua

Anayeruka hatua hii huishia kukariri picha. Anayeifanya ataelewa kwa nini fuwele huonekana vile zinavyoonekana, kwa hiyo tunaieleza kwa urefu.

Chumvi. Chemsha mililita 250 za maji, utie gramu 100 za chumvi ya mawe, ukoroge mpaka isiyeyuke tena. Itabaki kidogo chini, na ndivyo inavyotakiwa. Usitumie chumvi laini ya pakiti, kwa sababu imetiwa kitu cha kuzuia isigandamane na maji yatakuwa na ukungu. Chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, umimine kwenye sahani mbili pana, kina kisichozidi sentimita moja. Nusu ya maji iweke kivulini ndani ya nyumba, imefunikwa kwa karatasi. Nusu nyingine iweke juani penye upepo.

Usitegemee maji kupoa. Chumvi huyeyuka karibu sawa katika maji ya baridi na ya moto: takribani gramu 36 kwa mililita 100 katika joto la chumba, na gramu 39 tu yakichemka. Kinachoiotesha ni maji kukauka. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, siku mbili au tatu zinatosha. Wakati wa masika subiri wiki, na huenda sahani ikakaa bila kitu kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu.

Sasa linganisha. Za kivulini zitakuwa michemraba midogo angavu, nyuso zake bapa. Zile za juani zitakuwa na nyuso zilizobonyea katikati, ngazi ndogondogo zikishuka ndani kama za kisima cha mraba. Hizo ni fuwele za ngazi. Maji yanapokauka upesi, chumvi hufika kwanza kwenye kingo na ncha, na katikati ya uso hubaki nyuma. Nyingine utazikuta zinaelea juu ya maji kama mashua ndogo za mraba zenye shimo. Huanza kama punje iliyoshikwa na ngozi ya maji, na kadiri inavyozama kwa uzito wake, safu mpya huota pembezoni kwa juu. Zitoe kwa kijiko kabla hazijazama. Umbo ni mchemraba kote kote. Mkao ndio uliobadilika, na sababu yake umeiona kwa macho.

Shabu. Nunua vipande vyeupe angavu, vile vinavyotumika baada ya kunyoa ndevu. Ule unga wa kutibu maji kwenye mitambo ni chumvi nyingine na hautakupa fuwele hizi. Yeyusha gramu 60 katika mililita 250 za maji ya moto, chuja, funika, acha usiku kucha pahali pasipotikisika. Shabu ni kinyume cha chumvi: maji ya moto hubeba nyingi zaidi kuliko ya baridi, kwa hiyo yakipoa inajitenga yenyewe. Asubuhi utakuta fuwele chini ya chombo. Zisipotokea, maji hayakushiba. Yapunguze kwa kuyachemsha kidogo urudie. Ukiona unga mweupe badala ya fuwele, yalipoa haraka mno.

Chagua fuwele nzuri mbili, uzifunge kwa uzi mwembamba, uzitundike katikati ya maji yaliyobaki baada ya kuyachuja tena. Nyingine mbili ziache zikilala sakafuni mwa chombo. Baada ya siku nne hivi, zile za kwenye uzi zitakuwa oktahedro zilizokamilika, kama piramidi mbili zilizogusana matako. Za sakafuni zitakuwa vibamba vya pembetatu au pembesita, kwa kuwa upande wa chini haukupata nafasi ya kukua. Mtu asiyejua atasema ni madini mawili.

Zipime. Kati ya uso na uso uliopakana nao kwenye ukingo, zote zitakupa takribani nyuzi 109 na nusu: ile nzuri, na ile iliyolemaa (kwenye vibamba, kingo nyingine zitatoa 70 na nusu). Hapo Steno amekujia mezani. Ukubwa wa uso ni habari ya nafasi na maji. Pembe ni habari ya madini yenyewe.

Swali linalokuja ni kwa nini chumvi iwe mchemraba na shabu iwe oktahedro, ilhali ulinganifu wao ni wa mfumo mmoja. Jibu limekaa kinyume na fikira: nyuso unazoziona ni zile zilizokua *polepole*. Uso unaokua haraka hukimbilia mbele, hupungua upana, mwisho huishia kwenye ncha ukapotea. Kitu kigeni ndani ya maji chaweza kubadilisha kasi hizo. Chumvi hii hii ikikua katika maji yenye urea nyingi hutoa oktahedro.

Hatua za kusoma sampuli

1. Safisha, lakini ujue unachosafisha. Maji matamu na mswaki laini yanafaa kwa kwazi, ganeti na mawe magumu. Chumvi usiiguse kwa maji kabisa, na jasi usiilowanishe kwa muda mrefu. Jiwe lililotoka pwani lina vumbi la makombe na matumbawe. Usipoliondoa, jaribio la siki (chokaa ikiguswa na siki hutoa mapovu) litakudanganya.

2. Tenganisha uso wa kukua na uso wa kupasuka. Hapa ndipo makosa mengi zaidi hutokea. Madini mengine hupasuka kwa kufuata safu zake, na mpasuko huo unang'aa kuliko hata uso halisi. Chukua punje ya chumvi uigonge kwa kijiko: vipande vitakuwa michemraba tena, navyo havikukua hivyo. Dalili za mpasuko ni ngazi nyembamba zinazoelekea upande mmoja, nyuso nyingi ndogo zinazomulika kwa wakati mmoja, na nyufa bapa ndani ya jiwe zinazofuata mwelekeo uleule. Uso wa kukua una dalili zake: michirizi sambamba, vilima vidogo vya pembetatu au mraba, vishimo vilivyoliwa na maji, au ukungu mwembamba. Kwazi haina mpasuko wa maana. Ikivunjika huacha mawimbi ya duara kama chupa iliyopasuka. Kwa hiyo kipande cheupe angavu kilichovunjika bapa kwa pande tatu si kwazi, hata kikiwa kizuri namna gani.

3. Hesabu nyuso kwa kuitazama fuwele kichwani. Ielekeze ncha ya fuwele kwenye jicho na uulize: nikiizungusha mzunguko mmoja, sura ile ile hurudi mara ngapi? Penseli ya mbao yenye pande sita ikitazamwa mwishoni ni mfano wa mara sita. Fuwele zote hugawanywa kwa ulinganifu huo katika mifumo saba. Majina yake ya Kiswahili hayajatulia, sisi hutumia haya: wa mchemraba, wa mraba, wa pembesita, wa pembetatu, wa mstatili, wa mshazari mmoja na wa mishazari mitatu. Usijilazimishe kutaja mfumo kutoka kwenye sampuli moja mbovu. Andika ulichokiona: "kichwa kina nyuso sita, tatu kubwa tatu ndogo". Hilo peke yake linaelekeza kwenye mfumo wa pembetatu, ambako kwazi ipo.

4. Pima pembe. Shika fuwele ukingo wake ukielekea jichoni. Uso mmoja uegemeze kwenye mstari wa chini wa protrakta, uso wa pili uguswe na ukanda. Kipimapembe lazima kisimame wima juu ya ukingo. Kikiinama, utasoma pembe isiyo yake. Tazama kwenye mwanga: mwanga usipite kati ya plastiki na jiwe. Pima mara tatu, uchukue wastani.

Pembe zinazofaa kukaa kichwani:

- 90: chumvi, galena (madini ya risasi), pairiti (madini ya chuma na kiberiti yenye rangi kama dhahabu) na floriti zikiwa michemraba
- 109 na nusu: oktahedro, kama shabu na magnetiti
- 120: pande za mche (nguzo yenye pande bapa) wa kwazi na wa berili; pia nyuso zinazopakana za ganeti yenye nyuso 12
- 142 hivi: upande wa mche wa kwazi na uso wa ncha ulio juu yake
- 105 na 75: mipasuko ya kalsiti (fuwele ya chokaa)

Vitabu vingi huandika 60 mahali tulipoandika 120. Havijakosea. Vinapima pembe kati ya mistari inayotoka wima kwenye kila uso, nasi tunapima pembe ya ndani ya jiwe. Toa namba ya kitabu kwenye 180 na mtakubaliana. Mtego wa pili uko kwenye kalsiti: ukipima pembe za rombasi (mraba uliolazwa upande) juu ya uso mmoja, kama unavyopima karatasi, utapata 102 na 78. Zile 105 na 75 ni kati ya uso na uso.

5. Soma michirizi. Hii ni hatua ya haraka na yenye faida kubwa. Kwazi ina michirizi inayokata upana wa mche, kama pete nyembamba kwenye kidole. Turmalini michirizi yake huenda kwa urefu, na ukiitazama kichwani ina pembetatu yenye pande zilizovimba, mfano wa sambusa iliyojazwa sana. Berili pande zake ni laini zaidi na kichwa chake mara nyingi ni bapa. Pairiti ya mchemraba ina michirizi kwenye kila uso, na ya uso mmoja husimama wima dhidi ya ya uso wa jirani. Galena haina mpango huo.

6. Taja mkao kwa maneno ya kawaida. Sindano, nyuzi, ubapa wa kisu, ubao, kurasa za daftari, pipa, zabibu, figo, matawi, ganda. Ukiona pembe inayoingia ndani, kama pengo la mkia wa mbayuwayu, jua si fuwele moja. Ni pacha, fuwele mbili zilizoota kwa mpango maalumu, au ni mbili zilizokutana tu. Pacha wa kweli huwa na pembe ileile katika kila sampuli. Jasi inajulikana sana kwa mkia huo.

7. Thibitisha kwa ugumu na uzito. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, kucha ina ugumu wa 2 na nusu, waya wa shaba 3, kioo na msumari karibu 5 na nusu. Jasi (2) hukwaruzwa na kucha, kalsiti (3) hukwaruzwa na msumari kwa urahisi, kwazi (7) hukwaruza kioo. Futa mkwaruzo kwa kidole chenye mate kabla ya kuamua. Mara nyingi ni unga wa msumari uliobaki juu ya jiwe wala si mkwaruzo. Usikwaruze uso mzuri. Tafuta upande uliovunjika.

Kwa uzito, pima jiwe kavu. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha litumbukize jiwe likining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 53 likisukuma gramu 20 linatoa 2.65, nayo ni kwazi barabara. Kalsiti ni 2.71, jasi 2.3, bariti 4.5, pairiti 5, galena 7.5. Mapovu yaliyoshika kwenye jiwe hupunguza jibu, kwa hiyo litikise ndani ya maji. Jiwe la chini ya gramu 10 usilitegemee kwa mizani ya jikoni.

Yanayopatikana upande wetu

Mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi ni darasa lililo wazi, ila omba ruhusa ya wenyewe kwanza. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi za kila namna. Yakikauka hadi nusu, chokaa huanza kutua. Yakibaki moja ya tano, jasi. Yakibaki moja ya kumi ndipo chumvi ya kula. Ndiyo maana ukoko wa kwenye bwawa la mwanzo haufanani na wa bwawa la mwisho. Chukua ukoko uangalie kwa lensi: sindano na vibamba vinavyokwaruzwa na kucha na visivyo na ladha ya chumvi baada ya kusuuzwa haraka ni jasi. Michemraba ni chumvi.

Mchanga unaometameta kuelekea Mambrui huwapa watu matumaini ya dhahabu. Ni ulanga, unaoletwa na mto Sabaki kutoka bara. Okota kipande kwa ncha ya sindano. Kikijikunja na kurudi, na kikichanika kurasa kwa kurasa, ni ulanga. Dhahabu hujikunja ikabaki hivyo, na haichaniki. Kipande kisichovunjika kingo kitakuonyesha pembe za nyuzi 120, maana ulanga hukua kama daftari la pembesita.

Mistari ya mchanga mweusi inayoachwa na maji yakitoka ina madini mazito: ilmeniti, rutili, zikoni, magnetiti na vipunje vya ganeti. Ioshe kwenye sinia kwa kuizungusha, ikaushe, kisha pitisha sumaku uliyoifunga karatasi ili upate kuifuta. Zinazoruka mara moja ni magnetiti. Tafuta kati yake punje za pembetatu zinazong'aa. Katika zinazobaki, zikoni ni vimiche vya pande nne vyenye ncha kote kuwili, ving'aavu kuliko punje za kwazi. Usitarajie kingo kali. Punje hizi zimesafiri kilomita nyingi mtoni na baharini, na nyingi zimekuwa duara. Kukosa nyuso hakuifanyi punje isiwe fuwele. Mpangilio wa ndani bado upo, sura ya nje ndiyo iliyosagika. Hata mchanga wa magenge ya Nyari kule Marafa ni hivyo.

Lamu, mawe ya kujengea ya Manda ni matumbawe ya zamani. Tazama ndani ya vitundu vya jiwe lililokatwa karibuni: mara nyingine kuna ukoko unaometa kama sukari. Hiyo ni kalsiti iliyoota baada ya maji ya mvua kuyeyusha chokaa na kuitua tena. Tone la siki litatoa mapovu madogo. Yaangalie kwa lensi, maana siki ni dhaifu na huchelewa. Fuwele zenye ncha kali ndefu kama jino la mbwa ni umbo mojawapo la kalsiti, na kibamba cha rombasi ni mpasuko wake. Ukipata kipande angavu cha kutosha, kiweke juu ya mstari wa kitabu. Mstari mmoja utaonekana miwili, na hakuna jiwe jingine la kawaida litakalokufanyia hivyo waziwazi namna hiyo. Matumbawe hai na makombe ya ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hayaguswi.

Bara kidogo, katika kaunti ya Kilifi, Vitengeni na Kinangoni kunajulikana kwa galena na bariti. Galena haihitaji mjadala: michemraba ya kijivu inayong'aa kama bati jipya, inayovunjika kuwa michemraba, na mizito hadi mkono unashtuka. Ina risasi ndani yake, kwa hiyo nawa mikono, usiisage, na usiitie sufuria la jikoni. Bariti ni nyeupe au ya maziwa, bapa, mara nyingi vibamba vimesimama pamoja kama mapezi ya samaki. Wengi huiita kalsiti mpaka waibebe. Siki haitoi kitu.

Vito vya Taita na Tsavo hufika pwani kwa wachuuzi. Ganeti, pamoja na ile ya kijani iitwayo tsavoriti, hukua kama mpira wenye nyuso 12 za rombasi au 24, bila kichwa wala mkia. Yakuti nyekundu ni pipa au kibamba cha pembesita, na juu ya kichwa chake bapa lensi huonyesha pembetatu ndogo zilizochorwa. Kianiti ni ubapa wa kisu, na ina jambo la ajabu: kwa urefu msumari unaikwaruza, kwa upana haukwaruzi. Kumbuka kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na kibali, na ndani ya mbuga za Tsavo hakuokotwi hata kokoto.

Yanayodanganya

Ncha za kwazi zinazouzwa kwa watalii nyingi zimekatwa na mashine. Zigeuze kwenye mwanga. Kama pande zote sita ni sawa kabisa, hazina michirizi ya kukata upana, na kingo zimelainika, fundi ameipitia. Pima upande na ncha: ukikosa 142, hukumu imetoka. Jiwe lenyewe laweza kuwa kwazi ya kweli, ila nyuso si zake. Mapovu ya duara ndani ni kioo cha chupa.

Kuna pia umbo la kuazima. Pairiti ikioza huweza kugeuka kutu yote huku mchemraba wake ukibaki. Utapata kete ya kahawia, yenye michirizi ya pairiti, isiyo na pairiti ndani. Isugue kwenye mgongo wa kigae: pairiti huacha unga mweusi wa kijani, kutu huacha wa njano ya kahawia. Umbo linakuambia ilizaliwa nani, unga unakuambia sasa ni nani, na kwenye lebo yaandikwe yote mawili.

Na yale "majani yaliyogeuka mawe" juu ya bamba la jiwe, matawi meusi yaliyochanua vizuri, aghalabu ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa. Tafuta mshipa wa katikati ya jani. Haupo.

Kuweka na kuandika

Hewa ya bahari ndiyo adui wa mkusanyiko wa pwani. Chumvi na shabu ziwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha kukaza, na ya chumvi itiwe kijipakiti cha kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Pairiti nayo ifungiwe kama chumvi: ikishaanza kutoa unga mweupe au wa manjano na harufu ya kiberiti, itenge na nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu asidi yake hula karatasi, boksi na kalsiti iliyo jirani. Jasi ikae mbali na jua na joto. Fuwele za mkao wa sindano usizifute vumbi kwa kitambaa. Pulizia kwa bomba la mpira.

Kila jiwe lipewe namba ndogo kwa wino juu ya tone la rangi ya kucha, upande usioonekana, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na mahali lilipotoka, tarehe, umbo, mkao, pembe ulizopima, ugumu, uzito na, mwisho kabisa, rangi. Mahali paandikwe kwa ukamilifu: "Ngomeni, bwawa la mwisho, ukoko wa pembeni", si "Malindi". Jina la madini liandike kwa penseli mpaka pembe na uzito vikubaliane.